Bega la Fundi

Lori lilirudi nyumbani likivutwa kwa mnyororo, na mtaa mzima ukatoka kuangalia, maana hakuna kinachokusanya watu haraka kama gari la mwenzao lililoharibika. Mbele lilitangulia trekta la kampuni ya ujenzi. Nyuma likafuata lori la Fundi lenye boneti ndefu, shehena ya mawe ikiwa bado mgongoni, na kwenye usukani ameketi mkwe wake, kimya, macho mbele, kama vile bado ni yeye aliyekuwa akiendesha.

Mtaani walimwita Taratibu. Hakuna aliyewahi kumwona akiendesha kwa pupa, akila kwa pupa wala akijibu kwa pupa. Alikuwa amemwoa binti wa Fundi, na tangu harusi walikuwa wakikaa vyumba viwili vya uani, nyumbani kwa Fundi huyo huyo. Wapiga soga wa dukani walipokosa neno la kutafuna walikuwa na hilo la akiba: kwamba yule hakuoa, aliolewa.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yake, mkono wa kulia mfukoni. Alikuwa ametengeneza injini za dizeli muda mrefu kiasi kwamba hata wasiomiliki baiskeli walimwita Fundi. Lori lenyewe alilinunua likiwa chuma chakavu, kuku wanataga ndani, akalifufua kwa mikono yake. Hakungoja hata mnyororo ufunguliwe.

"Umeliendesha bila maji," alisema, na sauti yake ikafika ng'ambo ya barabara.

Taratibu alishuka, akamwamkia, kisha akaeleza. Mshale wa joto ulipoanza kupanda kule kwenye mwinuko alisimama papo hapo, akazima, akangoja injini ipoe, akaongeza maji. Alipowasha tena ukapanda upya, naye akazima moja kwa moja na kuomba avutwe. Fundi alimsikiliza akiwa ameangalia pembeni.

"Dereva akishachoma injini hakosi hadithi," akasema.

Watu wakacheka. Kilichomuuma Taratibu hakikuwa kicheko. Siku zote Fundi alikuwa akimwita mkwe, hata anapomtuma sigara. Leo, mbele ya watu, amekuwa dereva.

Msimamizi wa ujenzi, aliyekuja na trekta, hakuwa na haja na hadithi ya mtu yeyote. Alitaka mawe yake ya msingi. Alisema ataweza kungoja hadi Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo kuna mwenye lori mwingine anayemsumbua kila siku ampe hiyo kazi. Fundi akamwambia asiwe na shaka, Jumatatu lori litakuwa kazini.

"Ila dereva atakuwa mwingine," akaongeza.

Akaingia ndani. Mke wa Taratibu, aliyekuwa akishona barazani, alibaki amekanyaga pedali ya cherehani bila kuizungusha.

*

Asubuhi iliyofuata walianza kutafuta ugonjwa. Fundi alikaa kwenye kigoda chake, akawa anatoa amri, na Taratibu akawa ndiye mikono. Ilikuwa hivyo tangu Fundi alipougua homa wakati wa mvua zilizopita. Alipopona akasema umri wake si wa kulala tena chini ya magari. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo ana haki ya kukaa kwenye kigoda.

Taratibu akavuta kijiti cha oili. Oili ilitoka nyeupe yenye povu, mithili ya chai ya maziwa. Mkewe ndiyo kwanza anafika na birika na vikombe. Akaitazama oili, akaitazama chai yake, akaviweka chini bila kumkaribisha mtu.

"Maji yameingia kwenye oili," alisema Fundi. "Sasa fungua mfuniko wa rejeta, uwashe."

Injini ikawaka kwa kukohoa, ikatoa moshi mweupe nyuma, na ndani ya rejeta maji yakaanza kutoa mapovu mfululizo. Hewa ya moto ya silinda ilikuwa ikipenya mahali isipotakiwa. Fundi hakuhitaji kusimama ili kujua. Alimwambia Taratibu alegeze nati za mabomba ya nozeli yanayopeleka dizeli, moja baada ya nyingine, ili kila silinda izimwe kwa zamu yake huku injini ikiunguruma. Akalegeza ya kwanza. Injini ikachechemea, mapovu yakaendelea. Akaikaza, akaenda kwenye ya pili, na nyinginezo. Alipofika kwenye ya mwisho, ile iliyojificha nyuma kabisa karibu na kabini, mapovu yalikoma.

"Basi. Zima," alisema Fundi. "Gasketi ya hedi imeungua, kwenye silinda ya mwisho."

Alilisema kwa raha, kwa sababu alikuwa amepatia, na kupatia kulikuwa chakula chake. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Akasema dereva mwenye akili angeliepusha hilo, akanyanyuka, akaondoka na kikombe cha chai kwenye mkono wa kushoto.

Gasketi mpya, ule utando wa kuziba kati ya injini na hedi, chuma kizito kinachofunika silinda, ilitakiwa inunuliwe, na Fundi hakusema inunuliwe na nani. Lori ndilo lililokuwa likileta pesa katika nyumba ile, nalo limelala. Taratibu na mkewe walikuwa na bahasha yao waliyoificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na nyuzi. Ilikuwa ya kodi ya vyumba mahali pengine, popote, ilimradi si ukweni. Mke akaitoa na kuiweka kitandani.

"Tukinunua gasketi tutaendelea kukaa hapa," akasema.

"Tusiponunua tutakaa hapa hapa, tena bila kazi."

Mke alihesabu zilizotosha, zilizobaki akazirudisha chini ya vifungo, na bahasha ikawa nyembamba kiasi kwamba droo ilifungika vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

*

Fundi alikuwa na kanuni moja aliyoipenda: kufungua ni kazi ya mtu yeyote, kufunga ni kazi ya fundi. Kwa hiyo Taratibu alifungua. Alimwaga maji na oili, akatoa mipira, akatoa bomba la moshi, akavua kifuniko cha juu. Vijiti vya valvu alivichomeka kwenye boksi la karatasi lililotobolewa matundu, kwa mpangilio ule ule, kila kimoja kirudi kwake. Zikabaki bolti zilizoishikilia hedi.

Alianzia mbele. Bolti ya kwanza ilikataa kabisa. Akavalisha bomba refu kwenye mpini wa spana, akaning'inia, na bolti ikaachia kwa mlio mkali wa chuma ulioshtua kuku wa jirani. Ya pili ikalia hivyo hivyo. Za mbele zote zililia.

Kisha akainama juu ya boneti, akaunyoosha mwili hadi kule nyuma kwenye silinda ya mwisho, mahali ambapo mtu hawezi kusimama vizuri wala kuvuta vizuri, akaishika bolti ya pembeni. Akaanza kuvuta kabla hata hajavalisha bomba. Bolti ikazunguka. Haikulia. Alijaribu ya jirani yake, nayo ikaja kwa mkono mmoja, kama kifuniko cha chupa ya dawa.

Taratibu akabaki ameinama vile vile, jasho likimdondokea kwenye chuma. Hedi ile ilifunguliwa mara ya mwisho zilipobadilishwa valvu, mara tu baada ya Fundi kupona homa yake. Aliyeifunga ni Fundi, peke yake, kwa kipimo chake mashuhuri. Mafundi wengine walikuwa na spana za kipimo zenye namba. Fundi alisema hizo ni za watu wasioujua mwili wao. Yeye huvuta mpaka bega liseme basi. Na kwa miaka yote bega lilikuwa halijawahi kudanganya.

Furaha ndiyo iliyomjia kwanza, tusimsingizie utakatifu. Aliona jinsi atakavyowaita wapiga soga wote wa dukani waje kuzungusha bolti ile kwa vidole vyao, mmoja mmoja, halafu awaulize ni nani aliyechoma injini. Akageuka na neno mdomoni.

Fundi alikuwa kwenye kigoda akijaribu kuokota kitambaa kilichoanguka. Mkono wa kulia ulishuka hadi kwenye kitambaa, vidole vikakigusa, vikashindwa kufumba. Akatazama huku na huku, kisha akakiokota kwa mkono wa kushoto. Furaha ya Taratibu ikamtoka mwilini.

Akageukia injini. Akavalisha bomba kwenye mpini, akaizungusha bolti ya tatu iliyokuwa legevu vile vile, na huku akiizungusha akaguna, akapumua kwa nguvu, akasema, "Hizi nazo zimekaza." Akaguna hivyo hadi ya mwisho. Fundi aliinua kichwa kidogo, akasikiliza, akakiinamisha tena.

*

Jioni, watoto wao walipokuwa wakioga, alimweleza mkewe. Mke alisikiliza huku akikunja nguo, na mikunjo ikazidi kuwa midogo midogo hadi shati la mtoto likawa na ukubwa wa leso.

"Haikuwa homa," akasema mwishowe.

Fundi alikuwa ameamka asubuhi moja upande wa kulia ukiwa mzito na mdomo umekwenda upande. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, mkono ukarudi nusu. Tangu siku hiyo mama, mke wa Fundi, ndiye anayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, mlango ukiwa umefungwa. Alikataa hospitali baada ya ile siku ya kwanza, na akakataza jambo hilo lisivuke kizingiti. Hasa lisimfikie mkwe. Ya chumbani kwa mkwe wako huyaulizi, na Taratibu, mtu wa heshima zake, hakuwa ameuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakujua kwamba gasketi inaweza kuwahi.

"Kwa hiyo nimetukanwa mbele ya mtaa na wewe unajua," Taratibu akasema.

"Mkono nilijua. Kwamba ndio ulioharibu injini nimejua sasa hivi, kwa mdomo wako."

Akaamini, maana mke alikuwa ameanza kulia na hakuwa mtu wa kulia ovyo.

Tatizo halikuwa heshima tu. Jumapili Fundi angefunga hedi kwa bega lile lile. Gasketi mpya, iliyokula vyumba vyao, ingekaa wiki chache, mwezi labda, kisha iungue, na safari hiyo kusingekuwa na bahasha.

"Mwambie," mke akasema.

"Nimwambieje? Baba, mkono wako hauna nguvu? Mimi, ninayekaa kwake?"

"Basi nimwambie mimi."

"Atajua nimekutuma."

Watoto waliingia wakitiririka maji, wakauliza kwa nini mama analia, wakaambiwa ni vitunguu, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa.

*

Hedi ilipelekwa kwa fundi wa mashine ya kusawazisha vyuma. Aliweka rula ya chuma juu yake, akamulika nyuma ya rula, akaonyesha mwanga uliopenya upande wa nyuma, palipopinda. Akachukua gasketi ya zamani na kufuata kwa kidole ule mfereji mweusi ulioungua kutoka kwenye silinda hadi kwenye tundu la maji.

"Hii haikuchomwa na dereva," akasema. "Hii ilifungwa ikiwa legevu nyuma, moshi ukajichimbia njia. Nani aliifunga?"

Kulikuwa na wateja wengine wawili pale, na wote walimjua Fundi.

"Mimi," akasema Taratibu.

Fundi wa mashine akamtazama kwa huruma isiyopendeza. Akasema ni aibu mtu kuishi nyumba moja na Fundi asijifunze hata kukaza bolti, kwamba akaaye karibu na kisima hafi kwa kiu ila huyu ameweza, na wateja wakatabasamu. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamwazima spana yake ya kipimo. Akamwonyesha namba ya kuweka, akamwambia ikilia tik aache hapo hapo. Taratibu akashukuru. Njia nzima alikuwa ameikumbatia kwenye gunia kama kitu cha wizi.

*

Jumapili hedi ilirudishwa mahali pake juu ya gasketi mpya. Taratibu alikuwa ameusafisha uso wa injini hadi unang'aa, na kila tundu la bolti amelikausha kwa kitambaa. Wapiga soga wawili wa dukani walikuja kusaidia kuinua, wakainua, wakaaga bila kuondoka mbali.

Fundi alikuja amevaa ovaroli lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Akaiona spana ya kipimo juu ya gunia.

"Hii nini?"

"Fundi wa mashine ameniazima, Baba. Amesema hedi ikishasawazishwa ni lazima itumike."

"Iweke kule."

Taratibu akaiweka kule. Fundi akachukua spana yake mwenyewe, akaanza na bolti za katikati, akizunguka kwenda nje kama inavyotakiwa, kidogo kidogo kwanza, kisha kwa nguvu. Alivuta kwa mikono miwili, na aliyetazama kwa makini angeona mmoja unavuta na mwingine unasindikiza. Za katikati zikaisha, za mbele zikaisha. Mlangoni pa jikoni mke wa Fundi alikuwa amesimama na mwiko. Barazani cherehani ilikuwa imenyamaza.

Akainama kuelekea nyuma. Kule mikono miwili haikufika pamoja. Ulifika wa kulia tu. Akavuta. Bega likasema basi mapema mno, na kila mtu uani pale aliliona likisema. Fundi alibaki ameinama, kifua juu ya chuma, muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

"Juzi ulipozifungua hizi," akasema bila kugeuka, kwa sauti ya chini, "ulikuwa unaguna nini?"

"Zilikuwa zimekaza, Baba."

"Bolti iliyokaza hulia yenyewe. Nilisikia za mbele zikilia. Hizi za nyuma hazikulia. Uliyelia ni wewe."

Taratibu akaangalia kule walikosimama wapiga soga.

"Na fundi wa mashine amenipigia simu kunipa pole. Ameniambia umekiri kwamba hedi uliifunga wewe. Tangu lini umefunga hedi ya lori langu?"

"Sijawahi, Baba."

"Hujawahi." Fundi akajiinua polepole, akaegemea boneti, na macho yake yalikuwa na maji ambayo hakujishughulisha kuyafuta. "Nimekuita mchoma injini mbele za watu, nawe ukaenda mbele za watu ukaubeba mzigo wangu. Halafu mimi nikala, nikalala."

Alinyoosha spana kwa mkono wa kushoto. Taratibu akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Lete hiyo yenye namba. Uanze upya."

"Hizi za nyuma, Baba?"

"Zote. Hata nilizofunga sasa hivi. Hizo ndizo za kuziogopa zaidi."

Taratibu akaanza. Fundi alisimama karibu akimtajia mpangilio, hii, sasa ile ya mkabala, sasa rudi huku. Karibu kila bolti aliyokuwa ameikaza yeye iliendelea kuzunguka kabla spana haijalia tik. Fundi aliangalia kila mzunguko, na hakuangalia pembeni hata mara moja. Ilipolia tik ya mwisho, kule nyuma kabisa, mke wa Fundi alirudi jikoni, na cherehani ikaanza tena.

Alasiri wakajaza maji na oili safi, wakawasha injini, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Maji yalitulia kama yaliyo kwenye beseni. Fundi akayatazama weee, halafu akasema walipeleke lori kwenye ule mwinuko. Akapanda upande wa abiria, mahali ambapo hakuwa amewahi kukaa katika lori lake mwenyewe. Taratibu akapanda mwinuko kwa mwendo wake ule ule uliompa jina, na mshale wa joto ukafika katikati, ukakaa hapo. Waliporudi Fundi alisema tu kwamba gia ya pili inataka upole zaidi, na Taratibu akaitikia.

Nyumbani walimkuta msimamizi wa ujenzi dukani, pikipiki yake pembeni, amekuja kuhakikisha kama kesho kuna lori au hakuna. Wapiga soga walikuwa wamemzunguka. Lori likasimama mbele yao bila moshi. Msimamizi akasogea, akachungulia kwenye usukani.

"Mzee, si ulisema utabadilisha dereva?" akauliza. "Namwona ni yule yule."

"Dereva ni yule yule," alijibu Fundi kutoka juu. "Hakuwa na kosa. Nimebadilisha fundi."

Msimamizi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha, akatazama huku na huku kumtafuta huyo fundi mpya. Wapiga soga hawakucheka. Taratibu alikuwa ameshashuka, amezunguka mbele ya boneti na kufungua mlango wa abiria, mikono yake ingali myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko. Alisimama hapo bila kujua kama amshike mzee au amwache ashuke mwenyewe.

Fundi akautoa mkono wa kulia mfukoni. Akaunyoosha mbele ya mtaa mzima, vidole vimejikunja nusu.

"Mkwe," akasema, "nishike huu, nishuke."